Daraja Moja Chini ya Asili

Tangazo la kazi likitoka Dodoma au Dar es Salaam, mara nyingi halikosi kuwataka waombaji waambatishe vivuli vya vyeti vyao. Aliyeanza kuiita fotokopi kivuli alikuwa na jicho kali. Kivuli kina umbo la mwenyewe lakini hakina rangi yake wala uzito wake, na hakijitegemei: karani akikitilia shaka, atakwambia ulete halisi. Kwa jozi hiyo ya maneno, halisi na kivuli, ofisi zetu zinakwenda, na ndani ya ofisi sina ugomvi nayo. Taabu inaanza unapoibeba mpaka kwenye sanaa ambayo kazi zake kuu karibu zote ni nakala, na ambayo wenyewe hawaoni haya kusema hivyo. Nazungumzia sanaa ya mwandiko ya Wachina.

Hata kuitaja ni mtihani. Magazeti huandika kaligrafia, neno lisilo na kosa ila halimwambii msomaji chochote. Khati, kwa watu wa pwani, inavuta moja kwa moja kwenye mwandiko wa Kiarabu. Hati, ndugu yake, siku hizi amehamia kwenye ardhi na mahakamani: hati ya nyumba, hati ya mashtaka. Wachina wenyewe husema shufa, yaani njia au kanuni ya kuandika. Mimi nitabaki na mwandiko, neno la daftari la darasa la kwanza, kwa sababu haliwezi kusimama bila mtu. Mwandiko ni wa fulani.

Na fulani mkubwa kuliko wote katika sanaa hiyo ni Wang Xizhi, mtu wa karne ya 4. Mwaka 353, siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda yao, akiwa ofisa mkuu wa Kuaiji, ambayo leo ni Shaoxing katika jimbo la Zhejiang, aliwakusanya rafiki na jamaa zake mahali paitwapo Lanting, penye kijito kinachopindapinda. Vikombe vya pombe viliachwa vielee juu ya maji. Kikombe kikinasa mbele yako unatunga shairi, ukishindwa, unakunywa. Mashairi yalipokusanywa, mwenyeji aliyaandikia dibaji: mistari 28, herufi 324. Herufi zhi, ambayo katika Kichina cha kale hufanya kazi inayokaribiana na -a unganifu yetu, imo mara 20 hivi, na kila mara ameipa umbo jingine. Husimuliwa kwamba baadaye, pombe ilipomtoka, alijaribu kuiandika upya dibaji ile tena na tena, asiifikie. Kwa hiyo wa kwanza kushindwa kuinakili alikuwa mwenyewe.

Karatasi ile ilishuka ndani ya ukoo mpaka kwa mtawa wa Kibudha Zhiyong, kizazi cha saba, naye akamwachia mwanafunzi wake Biancai. Mfalme Taizong wa nasaba ya Tang, aliyetawala kuanzia 626 hadi 649, alikuwa na mapenzi na Wang Xizhi yaliyokaribia kuwa maradhi. Hadithi mashuhuri ya enzi hizo inasema alimtuma ofisa wake Xiao Yi, akajifanya msafiri mpenda sanaa, akamzoea mtawa mzee kwa soga na pombe mpaka akaonyeshwa dibaji ilipofichwa, kisha akaondoka nayo mtawa akiwa hayupo. Taizong alipofariki, alizikwa nayo katika kaburi la Zhaoling. Kaburi hilo lilikuja kuporwa na Wen Tao katika vurugu za baada ya Tang kuanguka, na dibaji haikuonekana tena.

Wala si dibaji peke yake. Hakuna hata kipande kimoja kilichobaki duniani ambacho wataalamu wanakubaliana kwamba wino wake ulitoka katika brashi ya Wang Xizhi. Wachina, Wajapani na Wakorea, kila walichojifunza kwa mkono wake wamejifunza kupitia mikono ya watu wengine.

Mikono hiyo ndiyo iliyonileta hapa, kwa sababu kila namna ya kunakili ina jina lake. Kiswahili sanifu kinazifunga zote katika neno nakala, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambako shina lake lina maana ya kuhamisha: kutoa kitu hapa na kukipeleka pale. Kwa hati za pwani lilitosha. Tenzi za kale tunazozisoma leo zimetufikia kupitia wanakili, na mmoja wao, Muhammad Kijumwa wa Lamu, mshairi na fundi wa kuchonga mbao, aliwanakilia wasomi wa Ulaya hati nyingi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Lakini Kijumwa alihamisha maneno. Akiandika kwa mwandiko wake mwenyewe hajakosea. Utenzi umefika salama. Wachina wa enzi ya Tang walitaka kuhamisha kitu kingine kabisa, yaani jinsi mkono wa mtu mwingine ulivyokwenda. Maneno yangeweza kuhamishwa na mtoto yeyote wa shule.

Taizong, kabla ya kuondoka na dibaji yake, aliwapa mafundi wa jumba la kifalme kazi ya kuinakili: Feng Chengsu, Zhao Mo, Han Daozheng, Zhuge Zhen. Nakala zao aliwagawia wanawe na maofisa wa karibu. Walichokifanya kinaitwa mo, na hapa Kiswahili kina neno safi kabisa, kufuatisha. Mtoto anayelaza karatasi nyepesi juu ya picha na kupitisha kalamu juu ya mistari yake anafuatisha.

Ila fundi wa Tang hakupitisha brashi yake juu ya mistari. Alichukua karatasi iliyopashwa moto na kupakwa nta mpaka ikawa ngumu, ya manjano, inayopenya mwanga. Akailaza juu ya asili. Kama asili ilikuwa imefifia au kuiva kwa uzee, aliziinua zote mbili dirishani ili jua lipite kati ya wino na karatasi. Kisha, kwa mstari mwembamba kama uzi, akazungusha ukingo wa kila mpigo wa brashi: upande huu unaposhuka, upande ule unaporudi, mpaka herufi nzima ikawa ganda tupu. Hapo ndipo alipoanza kulijaza wino, taratibu, mahali pazito pazito, mahali pepesi pepesi. Njia hiyo inaitwa shuanggou kuotian, na kwa Kiswahili sioni haja ya kuibunia jina la ajabu. Ni kuzungushia na kujaza. Mshonaji, mchoraji wa mabango na mpaka hina watakuelewa mara moja.

Sasa sogea karibu. Brashi inapoanza kukauka, nywele zake huachana, na mmoja ukipotoka huacha mkwaruzo mwembamba kando ya mpigo. Wachina huuita unywele mwizi. Katika nakala ya dibaji iliyomo Jumba la Makumbusho la Kasri mjini Beijing, ambayo mapokeo yanaihesabu kuwa ya Feng Chengsu na ambayo huitwa Shenlong kwa sababu ya nusu ya muhuri uliogongwa ukingoni, mikwaruzo hiyo imo, imechorwa mmoja mmoja. Kuna mtu aliyekaa akazungushia na kujaza unywele uliopotoka kwenye brashi ya mtu mwingine miaka 300 nyuma yake. Na si unywele tu. Katika mstari wa nne herufi mbili za kuitaja milima mirefu zimebanwa pembeni, kwa kuwa Wang Xizhi alizisahau na kuziingiza baadaye. Kuna herufi zilizopakwa wino kuzifuta. Kuna sehemu aliyobadili mawazo akaandika herufi moja juu ya nyingine, na nakala inakuonyesha zote mbili, wino mzito umekaa juu ya mwepesi. Hata herufi ya mwisho ya dibaji ni sahihisho.

Kwa lugha ya wahariri, hiyo ni rasimu. Kazi inayoheshimiwa kuliko zote katika mwandiko wa Kichina ni rasimu yenye mafuto, iliyofuatishwa pamoja na mafuto yake. Mnakili wa Lamu angeyasafisha, na tungemshukuru.

Jina la pili ni lin. Huang Bosi, mwanachuoni wa nasaba ya Song aliyefariki mwaka 1118, alilipambanua vizuri. Katika mo karatasi yako iko juu ya kazi ya kale. Katika lin iko kando yake. Unaitazama, unausoma mkao wake na nguvu yake, kisha unaandika kwa mkono wako. Akaongeza kwamba ni lin ileile ya mtu aliyesimama ukingoni mwa kilindi, akiyatazama maji chini yake.

Nilihangaika na neno hili kuliko mengine yote. Kuiga halitoshi, kwa sababu unaweza kumwiga mtu bila kumtazama, ukiwa nyumbani kwako. Kunukuu ni kwa maneno. Neno lililobaki ni lile ambalo kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amewahi kulisikia likipigiwa kelele darasani: "Mwalimu, huyu ananitazamia!" Kutazamia ni kumwangalia jirani anavyoandika, nawe ukaandika. Kwa mwalimu wetu ni kosa lenye adhabu, sawa na kuigilizia. Kwa mwalimu wa Kichina wa mwandiko ndiyo kazi ya siku nzima. Bado nasema lin iitwe kutazamia, na siombi radhi kwa harufu ya mtihani inayotoka ndani yake. Kwanza, kitendo ni kilekile. Pili, kutazamia ni pia kutarajia, na anayefanya lin anaandika huku akitarajia jambo ambalo halijafika mkononi mwake.

Jiang Kui, mshairi na mwanamuziki wa enzi ya Song, aliyapima majina haya mawili kwa mizani moja, na sijaona aliyempita. Anayetazamia, alisema kwa maneno yake, hupoteza kirahisi mpangilio wa wa kale lakini hupata mengi ya nia ya brashi yao; anayefuatisha huupata mpangilio kirahisi na nia ikamponyoka. Kila njia inahifadhi kile ambacho nyingine inakipoteza. Kwa hiyo swali la nakala ipi ni bora halina jibu mpaka uulize umepoteza nini na unataka kukiokoa kipi. Neno nakala, likiwa peke yake, halikuachii hata nafasi ya kuliuliza.

Zhiyong, yule mtawa mrithi wa dibaji, alikuwa bingwa wa kutazamia. Wanasimulia kwamba alijifungia ghorofani hekaluni kwa miongo, akaandika nakala 800 za Andiko la Herufi Elfu na kuzigawa kwenye mahekalu ya mashariki ya Zhejiang. Andiko lenyewe, kwa mapokeo, lilitungwa kwa herufi 1,000 zisizojirudia zilizookotwa kutoka miandiko ya babu yake Wang Xizhi, kwa hiyo mjukuu alikuwa akitazamia mkusanyo wa vipande vya babu. Brashi zake zilizokwisha alizizika na kulipa kaburi lao jina. Waliokuja kumwomba mwandiko walikuwa wengi hata kizingiti cha mlango wake kikalika, ikabidi kifunikwe kwa bati la chuma. Miaka 1,000 baadaye Wang Duo, aliyefariki 1652, alijiwekea utaratibu wa siku moja kutazamia kazi za kale, siku moja kuwaandikia waliomwomba. Nusu ya maisha ya ufundi wake alikaa ukingoni mwa kilindi cha watu wengine, na hakuna anayemwita mwigaji.

Lakini walichokuwa wakikitazama kilikuwa nini hasa? Wachina hukiita tie. Asili yake ni kipande cha hariri au karatasi chenye maandishi mafupi; baadaye likawa jina la kazi yoyote ya brashi inayowekwa mbele ya mwanafunzi. Nyingi kati ya tie za Wang Xizhi ni vibarua tu: naumwa, nimepata habari za msiba, mvua imezidi. Kimoja, kilichomo Taipei, ni ujumbe mfupi uliofuatana na zawadi ya machungwa 300, na humo anaeleza kwamba hayawezi kupatikana zaidi kwa sababu sakitu bado haijaanguka. Kikaratasi cha machungwa kikawa darasa la watu kwa karne 16.

Kwa tie nina neno ninalolipenda, kigezo. Leo linatumikishwa vibaya, vigezo na masharti kuzingatiwa, kila mwisho wa tangazo la simu. Lakini ndani yake kimo kitenzi cha zamani, kugeza, kufanya kitu kwa kufuata mfano. Kigezo ni kile kinachogezwa. Fundi cherehani wa zamani akikata nguo kwa kuilaza juu ya nguo nyingine, ile ya chini ni kigezo. Na kitenzi chenyewe, kugeza, kwa kuwa hakuna mwenye kazi nacho siku hizi, ningekipa kazi ya neno la tatu la Wachina, fang: kuandika kitu kipya kwa namna ya bwana fulani, bila kazi yake yoyote kuwa mbele yako.

Halafu lipo jiwe. Mwaka 992 mfalme mwingine Taizong, huyu wa Song, aliamuru vigezo vya jumba lake vichongwe, mijalada 10, mitano kati ya hiyo ikiwa ya Wang Xizhi na mwanawe Wang Xianzhi. Vigezo hivyo vilichongwa kwenye mbao. Vingine vingi, kabla na baada, vilichongwa kwenye mawe. Kutoka hapo nakala zilitolewa kwa njia iitwayo ta. Karatasi hulowanishwa, ikalazwa juu ya jiwe, ikapigwapigwa kwa brashi ngumu mpaka izame ndani ya michongo. Inapokaribia kukauka, kifuko kilicholowa wino hugongwagongwa juu yake, na penye mchongo wino haufiki. Unapata herufi nyeupe katika uwanja mweusi. Vitabu vya Kizungu huiita kazi hii kwa jina la kusugua, na ukiifasiri kutoka huko utakuwa umeikosea, kwa sababu anayesugua anaichana karatasi. Mkono wa ta haukokoti, unagonga. Kiswahili kimeshajiandaa: muhuri tunaugonga. Chapa ya kugonga basi. Ningependa jina fupi zaidi, ila mgongo umeshachukuliwa.

Dibaji ya Lanting nayo ilipitia njia hiyo. Inasemekana Ouyang Xun, mmoja wa mabingwa wa zama za Taizong wa Tang, aliitazamia, na kazi yake ikachongwa kwenye jiwe. Jiwe likaonekana baadaye Dingwu, katika Hebei ya leo, likapewa jina la mahali hapo. Song ya kaskazini ilipoangushwa mwaka 1127, jiwe likapotea. Hesabu mwenyewe: asili imezikwa, nakala ya Ouyang Xun haipo, jiwe halipo, zimebaki chapa zake. Mwaka 1310 Zhao Mengfu, mwandishi mkuu wa enzi ya Wamongolia, alipata chapa moja ya Dingwu kutoka kwa mtawa aliyeitwa Dugu akiwa safarini kaskazini kwa mashua kwenye Mfereji Mkuu. Mashua ilikuwa ikikwamakwama. Akaitandika chapa mbele yake siku baada ya siku, akaandika maelezo 13 pembeni mwake. Karne kadhaa baadaye albamu hiyo iliungua. Mabaki yake, vipande vyenye kingo nyeusi za moto, yamo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, yamebandikwa kwa mpangilio, na watu wanayasoma.

Kivuli nacho kimo katika msamiati wao. Mao Jin, mkusanyaji wa vitabu wa Changshu aliyefariki 1659, alipokuwa hawezi kukinunua kitabu adimu kilichochapwa enzi ya Song, aliajiri watu wakifuatishe ukurasa kwa ukurasa, herufi kwa herufi, hata mistari ya pambizo. Nakala hizo zinaitwa ying, maana yake kivuli. Mpaka leo chapa ya picha ya kitabu cha kale kwa Kichina ni chapa ya kivuli. Karani wa Dodoma na maktaba ya Changshu walifika kwenye picha moja bila kuulizana. Isipokuwa kivuli cha Mao Jin kilichukua miezi ya kazi ya mikono, na baadhi ya vitabu vyenyewe vimetoweka, vivuli vikabaki. Leo mwenye kivuli cha Mao Jin haambiwi alete halisi.

Na halisi yenyewe wanaiitaje? Zhenji. Zhen ni kweli. Ji ni unyayo, alama aliyoiacha mtu alipopita. Sisi tunasema asili, neno ambalo kwa Kiarabu lilitoka kwenye shina na mzizi. Mzizi hauna mfano wake. Ukiukata mti, basi. Unyayo ni jambo jingine: hata ule wa kweli ni alama ya kitu ambacho kimeshaondoka. Wang Xizhi hakai katika zhenji yake, alipita tu. Anayefuatisha anakanyaga mlemle. Ndiyo maana Wachina waliweza kuwa na usemi ambao kwa Kiswahili cha ofisini ungesikika kama mzaha: nakala bora za kufuatisha za enzi ya Tang huambiwa ziko daraja moja chini ya unyayo wa kweli. Daraja moja tu. Ngazi ipo, na wa juu kabisa akikosekana, anayefuata anakaa kwenye kiti.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1965 mwanachuoni Guo Moruo, akitumia maandishi ya mawe yaliyofukuliwa katika makaburi ya karibu na Nanjing, alidai kwamba dibaji haikuwa kazi ya Wang Xizhi hata kidogo, kwa kuwa miandiko ya zama zake ilikuwa ya mtindo mwingine, mzito na wa pembe. Mwanachuoni mwingine, Gao Ershi, akampinga, na mabishano yakawa makubwa. Mimi naona Gao Ershi alikuwa na hoja: mtu haandiki jiwe la kaburi kwa mkono anaoandikia barua ya machungwa. Lakini hata Guo Moruo angeshinda, nakala ya Shenlong isingepungua unywele.

Nisieleweke kwamba Wachina hawajui udanganyifu. Wanaujua, na wana maneno yake. Kwetu, kughushi kunatosha vizuri: ni nakala pamoja na uongo. Bandia lina historia ya upole zaidi, kwani bandia ni mwanasesere, na mwanasesere hajawahi kudai kuwa ni mtoto. Mi Fu, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 12 na aliyekuwa mmoja wa mabingwa wanne wa Song, alikuwa akikaa kati ya maneno hayo mawili kwa raha zake. Inasimuliwa kwamba aliazima kazi za kale, akazitazamia, kisha akamrudishia mwenyewe zote mbili, asili na nakala, achague. Wengine walichagua vibaya. Je, alighushi? Hakusema uongo wowote, alinyamaza tu.

Karne sita na zaidi baadaye mfalme Qianlong alianguka katika mtego huohuo kwa hiari. Mwaka 1746 alikipa chumba chake kidogo ndani ya Kasri jina la Ukumbi wa Adimu Tatu, kwa heshima ya kazi tatu za brashi alizoziamini kuwa nyayo za kweli: moja ya Wang Xizhi, moja ya mwanawe Wang Xianzhi, moja ya jamaa yao Wang Xun. Ya kwanza, yenye herufi 28 za kumsalimu rafiki baada ya theluji kutulia, ni ya kufuatisha; ameigonga mihuri na kuizungushia maneno ya sifa mpaka unawatafuta wenye nyumba. Ya pili, wataalamu wengi wanaiona ni ya kutazamia, na mkono wanaoutaja ni wa Mi Fu. Karatasi yake ni ya mianzi, isiyolingana na zama za Wang Xianzhi. Ya tatu tu, ya Wang Xun, yule asiye na jina kubwa, ndiyo inayokubaliwa kuwa imeandikwa na aliyetajwa. Kazi ya pili na ya tatu serikali ya China ilizinunua Hong Kong mwaka 1951 na kuzirudisha Beijing, zote mbili kwa heshima moja.

Tuseme kuna maonyesho, na mimi ndiye ninayeandika vibao vya Kiswahili. "Wang Xizhi (nakala)" ningekataa kukiweka. Ningeandika: mwandiko wa Wang Xizhi, mkono wa Feng Chengsu kwa mapokeo, kwa kufuatisha. Mhariri ataniambia mwandiko na mkono ni kitu kimoja. Katika Kiswahili cha kawaida huenda ni hivyo. Kwenye kibao hiki naomba viachane, kwa sababu mwandiko ndio uliohamishwa na mkono ndio uliouhamisha. Ile ya Qianlong ya pili: mwandiko wa Wang Xianzhi, mkono unaodhaniwa kuwa wa Mi Fu, kwa kutazamia. Ya Tokyo ndiyo itakayoniletea kesi: mwandiko wa Wang Xizhi, mkono wa Ouyang Xun kwa kutazamia, jiwe la Dingwu lililopotea, chapa ya kugonga, maelezo ya Zhao Mengfu, mabaki ya moto. Mhariri atasema maneno yamezidi nafasi ya kibao. Aongeze kibao.